Nyumba Iliyokatazwa Kuugua

Kila asubuhi Penseli aliamka wa kwanza, akakunja shuka lake, akamfunika vizuri mdogo wake aliyelala naye kitanda kimoja, kisha akaenda jikoni kubandika maji ya chai. Njiani alisoma. Aliusoma mlango, akalisoma dirisha, akaisoma ndoo, kwa sababu kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kimebandikwa karatasi yenye jina lake kwa lugha ya ugenini. Baba ndiye aliyezibandika. Alimbakiza paka tu, na si kwa huruma; paka aliikataa gundi.

Penseli halikuwa jina alilozaliwa nalo binti huyu. Wenzake wa darasa la sita walimpachika kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba, na yeye mwenyewe alilizoea. Mdogo wake, mwenye miaka mitatu, aliitwa Bonge, na kila aliyemtazama mashavu yake alielewa kwa nini.

Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiunganisha matrela ya malori katika karakana moja, akirudi nyumbani na vijitundu vya cheche kwenye mikono ya shati. Kisha ikasikika habari kwamba kampuni moja ya ng'ambo inatafuta mafundi wa kazi hiyo hiyo, na kwamba fundi akipata viza ya ujuzi anaruhusiwa kwenda na mke na watoto. Baba akaanza kusoma. Mtihani wa lugha alianguka mara mbili, ya tatu akafaulu. Mtihani wa ufundi alichomelea mabomba mbele ya wasimamizi. Wakayapasua kwa msumeno wachungulie ndani, wasione hata kitundu cha kupitisha sindano. Barua ya ajira ikaja. Kazi ingeanza tarehe mosi ya mwezi wa saba. Kilichobaki kilikuwa kimoja: familia nzima, watu wanne, wapimwe afya.

Jioni ile barua ilipofika, Baba alisimama katikati ya sebule, akajifanya hakimu.

"Sikilizeni! Kuanzia leo ni marufuku mtu kuugua katika nyumba hii mpaka ndege iruke. Mwenye mafua ayapeleke kwa jirani!"

Walicheka wote, hata Bonge aliyecheka kwa kuwa wengine wamecheka. Ulikuwa mzaha. Lakini kesho yake Baba aliurudia mezani, na keshokutwa, mpaka ukawa kama sala ya chakula.

"Kuna mgonjwa hapa?"

"Hakuna!"

"Nani atapanda ndege?"

"Sisi!"

Vitu vilianza kuondoka nyumbani. Viti vikauzwa, kabati likauzwa, wakawa wanakaa mkekani wakizungukwa na masanduku mawili makubwa ya safari. Mama, aliyekuwa akishona sare za wanafunzi, aliwaaga wateja wake, wakatafuta fundi mwingine. Baba, ambaye karakana ilikuwa imempa uongozi wa mafundi, alimwarifu bosi wake kwamba ataacha kazi mwisho wa mwezi wa sita. Hakuna aliyeyasema maneno haya kwa sauti, lakini kila mtu aliyajua: njia ya kurudi nyuma ilikuwa inafungwa.

Kikohozi cha Penseli kilianza wakati huo.

Kilianza kidogo, kama mkwaruzo wa vumbi la chaki. Wiki ya kwanza hakukijali. Wiki ya tatu kilikuwa hakimwachi. Alikuwa akiamka nguo zimelowa jasho kana kwamba amenyeshewa, na ngazi za shuleni, alizokuwa akizipanda mbilimbili, sasa alizipanda ameshika ukuta. Chakula kilimchosha kabla hajakionja.

Akajifunza kuficha. Kikimjia mezani, alikimbilia bafuni, akafungua bomba, akakohoa maji yakimwagika. Kitandani alikohoa akiwa ameuma mto. Alitafuna tangawizi mbichi mpaka ulimi ukafa ganzi. Na Baba alipouliza, "Kuna mgonjwa hapa?" sauti ya Penseli ndiyo iliyosikika zaidi ya zote: "Hakuna!"

Shuleni watoto walianza kumtania. "We Penseli, nani anakuchonga? Mbona unazidi kwisha?" Alicheka pamoja nao, akimwomba Mungu kicheko kisigeuke kikohozi.

Mtu mmoja tu alijua. Huyo alikuwa rafiki yake wa dawati moja, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, saa nne shule nzima imeipata. Redio alimkuta nyuma ya vyoo amejikunja, akikohoa machozi yanamtoka.

"Naapa sitasema," Redio alisema. Na ajabu ya maajabu, hakusema. Wiki zikapita Redio akiwa kimya mpaka mwalimu akamuuliza kama betri zimekwisha.

Mambo yalibadilika siku ya Jumatatu, wiki ile ile waliyopangiwa kupimwa. Mama alikuwa akimlisha Bonge uji, mtoto akakohoa. Akatulia, akakohoa tena, kikohozi kikavu kilichomfanya aukunje uso na kuusukuma mbali mkono wa mama yake.

Kijiko cha Mama kilibaki hewani.

"Amepaliwa na huo uji," Baba alisema haraka. "Mpe polepole."

"Na jana?" Mama aliuliza. "Jana hakuwa na uji mdomoni."

"Jana ilikuwa vumbi. Mama Penseli, usituletee mkosi. Siku tatu tu zimebaki."

Mama alikiweka kijiko bakulini. Alimfuta Bonge mdomo na kuuangalia ukuta. Penseli alimwangalia mdogo wake. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba shingo ya Bonge imeanza kuonekana. Tangu lini Bonge akawa na shingo?

Siku hiyo shuleni hakuandika chochote. Wakati wa mapumziko alimweleza Redio.

Redio alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Pale zahanati kuna bango," alisema. "Limeandikwa, kikohozi cha wiki mbili, njoo tukupime. Wewe una wiki ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Na mnalala kitanda kimoja na Bonge?"

Penseli aliinamisha kichwa.

"Nikisema, hatutasafiri. Baba amesoma miaka miwili, Redio. Viti vyenyewe tumeshauza. Itakuwa ni mimi niliyeharibu."

"Na usiposema?"

"Labda atapona mwenyewe."

"Wewe umepona mwenyewe?" Redio alisimama, akapangusa sketi. "Mimi ni Redio na nimezima kwa ajili yako. Lakini yule mtoto hajui hata kuficha. Mpaka kesho jioni. Usiposema wewe, nitatangaza mimi, unichukie ukitaka."

Penseli alirudi nyumbani akiburuta miguu. Jumanne alasiri Baba aliwahi kutoka karakana, akawapanga mkekani kwa mazoezi. Yeye alijifanya daktari, akavaa taulo shingoni.

"Ukiulizwa unaumwa nini, unajibu: mimi ni mzima. Haya, Penseli."

Penseli alifungua mdomo. Bonge, aliyekuwa amelala pajani kwa Mama, alikohoa akiwa usingizini.

"Mimi si mzima, Baba," Penseli alisema.

"Hapana, hujasikia. Sema, mimi ni..."

"Nimesikia. Mimi si mzima. Nakohoa wiki ya tisa sasa, tangu viti vilipouzwa. Ninaamka nimelowa jasho. Nakohoa bafuni ili msinisikie. Nafikiri Bonge amepata kwangu."

Alisubiri kelele. Hazikuja. Taulo lilimteleza Baba shingoni likaanguka, hakuliokota. Aliketi juu ya sanduku moja la safari, akatazama mikono yake.

"Wiki tisa," alisema mwishowe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ni marufuku."

Baba alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama alimweka Bonge chini taratibu, akamvuta Penseli, akaweka sikio mgongoni pake kama alivyokuwa akifanya binti huyo alipokuwa mdogo. Alisikiliza kwa muda. Alipoinua kichwa, macho yalikuwa yamejaa.

"Mtoto anakunguruma kama cherehani lenye kutu," alisema, "na mimi mama yake sikusikia. Nilikuwa nasikiliza jino langu."

"Jino gani?" Baba aliuliza.

"Gego hili. Miezi miwili natafuna upande mmoja. Ulisema marufuku, nami nikatii kama mtoto."

Baba akasema, akiongea na sakafu, "Jicho langu la kushoto linaona ukungu. Kule kwenye mtihani nilikuwa natumia la kulia."

Wakatazamana. Wakati mwingine wangecheka, mke na jino lake, mume na jicho lake, kila mmoja akimfichia mwenzake chini ya paa moja. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Vaeni viatu," Mama alisema. "Zahanati haijafungwa."

Walipelekwa kutoka zahanati hadi hospitali, na kutoka chumba hadi chumba. Penseli alipigwa picha ya kifua, akatoa makohozi kwenye kikopo, akasubiri. Siku ya Alhamisi, siku ile ile waliyopaswa kuwa kwenye vipimo vya safari, daktari aliiinua picha yake kwenye taa na kuonyesha wingu jeupe upande wa juu wa pafu.

"Ni kifua kikuu," alisema. "Kinatibika, na mtapona. Mdogo naye kimeshamwingia. Wewe mama na wewe baba hamna, lakini mtapewa dawa za kujikinga."

"Kwenye vipimo vya safari kingeonekana?" Baba aliuliza.

"Hata kama angebana kikohozi mpaka akapasuka, picha ingesema. Alichofanya kwa kuficha ni kumpa mwenzake tu." Daktari alimwona Penseli akijikunyata kitini, akaipunguza sauti. "Sikulaumu, binti. Hukuuita ugonjwa huu. Ulikujia kwa hewa kama unavyomjia yeyote. Lakini mdogo wako ni wa miaka mitatu. Kwa mtoto wa umri huo unaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Mngechelewa miezi mingine miwili, sijui leo tungekuwa tunazungumza nini hapa."

Penseli alimtazama Bonge aliyekuwa akichezea kamba ya kiatu cha daktari.

Dawa zilikuwa za miezi sita, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Wiki za kwanza hakwenda shule, na hakulala tena na Bonge. Vidonge vilimtia kichefuchefu, na mkojo ukawa wa rangi ya machungwa, jambo lililomtisha mpaka nesi alipomweleza kwamba ndivyo dawa inavyofanya. Kumpa Bonge dawa kulikuwa vita. Alilia, akatema, akajificha nyuma ya masanduku. Kila alipolia, Penseli alihisi kwamba yeye ndiye anayemliza.

Mwezi wa saba ulifika ukapita. Kampuni ya ng'ambo iliandika barua fupi ya heshima: inasikitika, haiwezi kusubiri, nafasi imepata mtu mwingine, fundi anaweza kuomba tena watakapopona wote. Baba aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kesho yake alirudi karakana kumwomba bosi wake kazi aliyokuwa ameiaga. Alipewa, lakini si ile ya uongozi wa mafundi. Alianza chini, pamoja na wanaojifunza.

Wenzake hawakumwacha. "Abiria! Habari za uwanja wa ndege?" walimpigia kelele akivaa miwani yake mipya chini ya kofia ya kuchomelea. "Mizigo ilizidi kilo nini?"

Baba alishusha kofia yake usoni. Penseli alikuwa amempelekea chakula siku hiyo, akasikia kila kitu. Alisimama mlangoni na bakuli mkononi mpaka kelele zilipokwisha.

Jioni, wakiwa mkekani, alimuuliza, "Baba, unanichukia?"

Baba alikuwa akimvua Bonge viatu. Aliviweka kando kwanza.

"Nina huzuni," alisema. "Nikikuambia sina, nitakuwa nimeanza tena yale yale. Nina huzuni sana. Lakini chuki sina hata chembe. Nikimtazama huyu anavyonipiga mateke, naona bora huzuni hii kuliko ile nyingine."

Penseli alilia, na Baba akamwacha alie.

Miezi ikasogea. Wenzake shuleni, waliomkalia mbali mwanzoni, walirudi mmoja mmoja, Redio akiwa wa kwanza kwa kuwa alishaapa kwamba nesi amemwambia mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa wiki kadhaa haambukizi. Safari hii alitangaza kwa sauti, na ilisaidia. Bonge shingo ikapotea tena polepole. Mama aling'olewa gego, akaanza kuwatafuta wateja wake, akapata wachache; wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kwingine. Viti havikurudi.

Siku ya kidonge cha mwisho nesi alipima makohozi, akatazama majibu, akazigonga muhuri kadi ya Penseli na kadi ya Bonge. "Mmepona," alisema. Penseli alitarajia kwamba atarukaruka. Alisema tu asante, akamshika mdogo wake mkono, wakatembea taratibu mpaka nyumbani.

Mwaka mpya ulipoanza, Baba aliomba upya. Hakuwa na uhakika wa lolote. Kampuni ilikuwa nyingine, ndogo zaidi, na waombaji walikuwa wengi. Fomu za afya zilipofika alizitandaza mkekani, akampa kila mtu ya kwake. Maswali yalikuwa kwa lugha ya ugenini, na chini ya kila swali palikuwa na tafsiri.

Redio alikuwa amekuja kutembea. Aliinama juu ya bega la Penseli, akasoma: "Je, umewahi kuugua kifua kikuu?" Akamnong'oneza, "Weka hapana. Si umepona? Kwani mtu akipona anabaki mgonjwa? Mtaachwa tena bure."

Mkono wa Penseli ulisita. Aliinua macho. "Baba, niandike nini hapa?"

Baba alikuja, akasoma swali, akaketi kando yake. Mama naye aliacha kushona.

"Unataka kuandika nini?"

"Naogopa. Nikiandika ndiyo, labda watatukataa."

"Labda. Siwezi kukuahidi kwamba hawatatukataa." Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nisikilizeni nyote, na wewe Redio. Mwaka jana niliweka sheria ya kijinga, nikadhani ninailinda safari. Nilichofanya ni kuwafundisha watu wangu kwamba mgonjwa ni mkosaji. Penseli, kuugua si kosa, wala hakuna wa kulaumiwa kwa kuugua. Mtu akijisikia vibaya, aseme siku hiyo hiyo, kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa yeyote anayeweza kumsaidia. Ukificha, ugonjwa haukai kukusubiri. Unakumaliza wewe, kisha unamtafuta aliye karibu nawe. Na mkubwa akiambiwa, kazi yake ni kusikiliza. Mimi sikuwa nimewaachia nafasi ya kuniambia. Hilo ni langu, si lako."

"Na tukikataliwa?" Penseli aliuliza.

"Tutakataliwa tukiwa wazima, tunaangaliana usoni. Nimeishi katika nyumba ambayo kila mtu anaficha. Siirudii, hata wakinipa ndege nzima."

Redio akasema kwa sauti ndogo, "Basi weka ndiyo."

Penseli aliandika: Ndiyo. Chini yake palikuwa na mstari wa kutoa maelezo. Aliufikiria kwa muda, akaumauma ncha ya kalamu, kisha akaandika kwa mwandiko mdogo ili yote yaenee: Nilikohoa wiki tisa bila kusema. Mdogo wangu akaambukizwa. Tulimeza dawa miezi sita, hatukuruka siku. Tumepona sote wawili.

Baba alichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisoma mara mbili.

"Hili la wiki tisa hawajaliuliza," alisema.

"Najua, Baba."

Baba alimtazama. Kisha akaiweka karatasi juu ya goti lake na, pale palipoandikwa "mzazi", akatia sahihi.